Picha Iliyomalizikia Barazani Kwangu

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne, adhana ya adhuhuri ikiwa imekwisha punde, nikiwa dukani Kariakoo namkunjia mteja kitambaa cha pazia. Aliyepiga simu ni binti yake wa pili. "Mama, baba ametutoka," alisema, na kabla sijapata la kumjibu akaendelea, kwa sauti ileile ya baba yake ya kutangazia watu, "Maziko ni leo, baada ya swala ya alasiri. Wajulishe wa upande wa Msimbazi." Nikawajulisha. Haikuwa kazi kubwa. Nilipofika, nje ya nyumba ya marehemu palikuwa na mafundi wa gereji wa Gerezani wenye mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya unga, wauza vitenge, wachuuzi wa samaki waliokuja moja kwa moja kutoka Feri, na ndani walikuwamo mabibi wa Kiarabu wa ukoo wake, wenye mabuibui yao ya zamani, ambao kwa miaka mingi walisema kijana wao amepotea. Aliyepotea hazikwi na watu wengi kiasi kile.

Wanaonifuata kwenye ukurasa huu wanayajua masharti yangu mawili: sitaji majina ya watu, na sikosei siku. La kwanza nililichagua kwa sababu ya heshima. La pili lilinichagua lenyewe, kwa kuwa sikuzaliwa na tarehe. Mama yangu alijua tu kwamba mikorosho ilikuwa na maua, na hapakuwa na mtu wa kuandika. Nilipojifunza kusoma, nikiwa tayari mjane mwenye wajukuu, neno la kwanza nililoliandika ubaoni bila kuamriwa na mwalimu lilikuwa jina la siku yenyewe tuliyokuwa nayo, Jumatatu, na tangu hapo siku haijanipita bila kuandikwa. Hata hivyo, mwaka wa kisa ninachokieleza leo nitauficha makusudi. Waliohusika ni wazima, wameota mvi na heshima, na baadhi yao hulinunua gazeti hili.

Marehemu alikuwa mfasiri wa picha za sinema. Vijana ambao siku hizi hutembea na picha zao mfukoni huenda hawajui kazi hiyo ilivyokuwa. Alizaliwa katika familia ya wenye duka la viungo, watu wenye asili ya Uarabuni, akatarajiwa kukaa nyuma ya mizani kama baba yake. Yeye akaenda kukaa nyuma ya maiki. Huko Gerezani, nyuma ya karakana za vipuri, palikuwa na kibanda cha mabati chenye mabenchi na televisheni moja kubwa, vile vibanda ambavyo watu wa mjini huviita vibanda umiza kwa ajili ya joto lake na mabenchi yake. Picha ikianza, yeye alikaa pembeni kwenye kigoda kirefu, akaisema yote kwa Kiswahili: mume, mke, jambazi, mbwa, hata mlango unaolia kwa kukosa grisi. Tena alikuwa na desturi yake, na hiyo ndiyo iliyojaza mabenchi. Hakuna mhusika aliyebaki na jina alilotoka nalo ng'ambo. Kila mmoja alipewa jina la mtu wa mtaani anayefanana naye kwa sura, kwa mwendo au kwa tabia. Polisi mnene aliitwa kwa jina la mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa. Mwanamke mwenye majibu ya mkato aliitwa kwa jina la mama muuza chapati wa kona. Watu walitoa kiingilio ili wasikie leo nani kapelekwa Ulaya. Marehemu mume wangu, fundi cherehani asiye na makuu, aliwahi kuwa jenerali katika picha ya vita. Tangu aliporudi nyumbani Ijumaa ile, wiki nzima alijipigia pasi shati lake mwenyewe, na akawa ananiomba chai kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutiiwa.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, nikaimaliza, na Jumatatu iliyofuata nikajiandikisha darasa la watu wazima. Kufika mwaka wa tatu nilikuwa na Kiingereza kinachotosha kunifanya nijivune na kisichotosha kunifanya ninyamaze. Nikaanza kwenda kibandani kila Jumamosi mchana, siku na saa ambayo mfasiri aliwatengea akina mama na watu wazima benchi la mbele. Katika picha moja mzee wa Kizungu alisimama dirishani na kusema, nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba mvua inanyesha na kwamba itaendelea kunyesha. Mfasiri wetu akamsemesha hotuba ndefu juu ya ndugu wanaogombea nyumba ya urithi, na kibanda kizima kikapiga makofi. Picha ilipokwisha nikamsubiri mlangoni.

"Mwanangu, yule mzee hakutaja nyumba wala urithi."

"Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Hakutaja nyumba."

"Kwani wewe ulimsikia akisema nini?"

"Alisema mvua."

"Dakika nzima ya mvua, Mama. Hawa jamaa wametoka gereji, wamechoka, wametoa kiingilio. Niwatafsirie mvua?"

Sikumkubalia. Nilicheka, lakini nilicheka nikiwa nimeshampa mgongo.

Nyumbani kwangu, upande wa Msimbazi, nilikuwa na mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa Kusini, wa makamo, mkimya. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa ya kunguni na mende majumbani mwa watu. Alitoka asubuhi bomba lake la dawa likiwa mgongoni na kitambaa shingoni, akarudi jioni, akaliosha bomba uani kwa maji mengi, akasali, akalala. Mke wake alikuwa kwao akitunza shamba. Alikuja kwangu kwa barua ya mjumbe wa mtaa alikokuwa akiishi kabla, hakuwahi kuchelewesha kodi, na kila Idi alinipulizia nyumba nzima bila kuombwa. Lakini mwanamume anayeishi peke yake mjini huonekana ana siri, hata kama siri yenyewe ni kwamba amechoka.

Jumamosi moja ya mwezi Juni mfasiri alitupatia picha ya Kiingereza ya gharama ndogo. Udogo wa gharama ulionekana wazi: nyumba zilikuwa zilezile tangu mwanzo, mvua ilikuwa ya Mungu, na makoti ya waigizaji yalikuwa na sura ya kutoka kabatini kwao. Hakuna gari lililolipuka. Ilikuwa habari ya kijiji ambako mtu asiyejulikana anaingia majumbani na kuwadhuru wenyeji. Polisi wanachelewa, wanakijiji wanaunda doria yao wenyewe, na taratibu macho yao yote yanamgeukia bwana mmoja mpweke mwenye bustani ya mboga, anayepita asubuhi na jioni akiwa amebeba bomba la dawa mgongoni. Mnaweza kukisia alimpa bwana yule jina la nani. Mpangaji wangu alikuwapo, benchi la mbele kabisa, kwa kuwa Jumamosi alimaliza kazi mapema. Kibanda kilipolipuka kwa kicheko, akainuka, akawageukia watu, akainama kama bwana harusi. Na ilipofika wanakijiji wamesimama mbele ya mlango wa yule bwana, fimbo mkononi, naye anachungulia nyuma ya pazia, umeme ukakatika. Tukangoja. Haukurudi. Jumamosi iliyofuata ililetwa picha nyingine, na Agosti ligi za mpira za Ulaya zikaanza, kibanda kikawa cha mpira. Hakuna aliyeuliza picha ile ya kijiji iliishaje. Sote tulikwenda nyumbani na nusu yake.

Hofu iliingia mtaani kwetu Oktoba. Familia ya muuza vyombo iliamka jua likiwa limepanda, vichwa vizito, televisheni haipo, redio haipo, na hata sufuria ya pilau ya wageni imeondoka na mfuniko wake. Kabla ya adhuhuri neno lilikuwa moja tu: wamepuliziwa dawa. Kila mkazi wa jiji hili amesikia habari za wezi wanaopuliza dawa ya usingizi dirishani, kisha kuingia na kuchagua vitu kama wako dukani. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya nyumba ya pili. Sikuwadharau waliolia, na leo pia siwadharau. Televisheni ya mtu wa Kariakoo ni miaka ya kusimama juani. Watu wakawa wanalala na vitambaa vibichi puani. Wengine waliweka beseni la maji chini ya dirisha, kwa kuwa kuna aliyesema maji huivuta dawa. Vijana wakaanzisha ulinzi wao, wakapewa filimbi, na mwanzoni walifanya kazi nzuri. Mimi mwenyewe niliwapelekea maandazi.

Maneno yalianzia kwenye kijiwe cha kahawa, kama kawaida. Nilikuwa napita kutoka dukani, nikasikia mmoja akiwauliza wenzake, "Hebu tuseme ukweli. Mtaa huu nani ana bomba?" Wakacheka. Mwingine akasema, "Kwenye picha si walimfuata?" Wakacheka tena, ila kidogo. Siku mbili baadaye, mama mmoja ninayemheshimu, mwenye akili zake timamu, alinishika mkono sokoni akaninong'oneza, "Dada, mpangaji wako huyo umwangalie. Hata kwenye picha alikuwa yeye." Nikamkumbusha kwamba kwenye picha alikuwa Mzungu. "Najua," akanijibu, bila kutabasamu. "Lakini alikuwa yeye." Wasomaji wangu, katika maisha yangu sijasikia kosa lingine kama hilo. Jina lililopewa kivuli ukutani kwa ajili ya kicheko lilikuwa limetoka kibandani, likavuka barabara, likaja kukaa juu ya mtu mwenye damu na mke na shamba.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri. Nyumba ya tatu ilikuwa imeibiwa usiku wa kuamkia siku ile, na katika nyumba hiyo mtoto mchanga aliamka amelegea, hanyonyi. Mpangaji wangu alikuwa amerudi punde, yuko uani anaosha bomba. Mimi nilikuwa nimeketi barazani nachambua mchele. Nikaona vijana wa ulinzi wanakuja, na nyuma yao wasiokuwa wa ulinzi, na nyuma yao wanawake, mpaka mtaa ukajaa toka ukuta hadi ukuta. Mbele alikuwapo fundi vioo, mkubwa wao. Pembeni yake fundi mmoja wa gereji alikuwa anaviringisha tairi kuukuu, taratibu, kwa kiganja, na mwenzake alishika chupa ya maji ambayo ndani yake hamkuwa na maji. Hapo nikaelewa. Mtoto yule alikuwa ameumwa, lakini aliyekuwa anakaribia kufa ni mtu aliyekuwa uani kwangu, na kati yao na yeye ulikuwapo mlango mmoja wa mbao na mwanamke mmoja mwenye ungo.

"Shikamoo, Mama," akasema fundi vioo. Wengi nyuma yake wakaitoa shikamoo hiyo pamoja naye. Nataka mlijue hilo. Waliniamkia kwanza.

"Marahaba, wanangu."

"Mama, sisi na wewe hatuna ubaya. Tunamuomba mpangaji wako."

"Mnamuomba kama chumvi?"

"Mama, pisha tu kidogo."

"Nyumba ni yangu, na mume wangu aliijenga kwa cherehani. Sipishi mtu mlangoni kwangu. Mwiteni mwenyekiti."

"Mwenyekiti kaenda msibani Mbagala," sauti ikatoka nyuma. "Tukimngoja, jamaa ataruka ukuta." Nyingine ikasema, "Huyu bibi naye anakula na mwizi." Sauti hiyo ya pili niliijua ni ya nani, na aliyeitoa alijua ninaijua, lakini katika kundi lile haikuwa na mwenyewe. Fundi vioo akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ya baraza yangu.

Hapo ndipo tuliposikia spika. Kila Jumamosi alasiri mfasiri alizunguka mitaani akitangaza mechi ya jioni, akivuta spika yake ya magurudumu, ile ya kuchaji. Alikuja kwa upande wa nyuma ya umati, yaliyosemwa huko alikuwa ameyasikia, na pengine watu walimpisha kwa mazoea tu, kwa kuwa njia yake ilikuwa hiyohiyo siku zote. Alipofika ngazini akalitazama tairi, akanitazama mimi, akapanda barazani, akaketi kando ya ungo wangu kama anavyoketi kwenye kigoda chake. Hakuwasihi watu, wala hakuwahubiria. Alikohoa kwenye maiki, akasema kwa ile sauti yake ya kibandani:

"Watazamaji wapendwa, mnakumbuka siku ile umeme ulitukatikia. Leo tunamalizia."

"Acha sinema, bro," mmoja akafoka. "Mtoto wa watu kazimia."

"Mtoto nimetoka kumtazama sasa hivi. Ana homa, kapelekwa zahanati, kanyonya. Haya, tulieni, picha inaendelea. Wanakijiji wako mbele ya mlango. Wa kwanza mnayemwona, mrefu, jezi nyekundu, ameweka mguu ngazini, ni nani huyo?" Naye akamtaja fundi vioo. Akamtaja jina lake kamili, na jina la mama yake, kama anavyotajwa mtu anapoombewa dua. "Anatoa jasho. Mama yake alimlea peke yake kwa kukaanga samaki Feri, na leo yuko Feri anakaanga, hajui mwanawe yuko wapi. Kulia kwake, mwenye tairi." Akamtaja, na mama yake. "Huyu amechoka kuliviringisha. Anafikiria mahali pa kuliegemeza. Anakumbuka mama yake alipoumwa mgongo, kunguni wakamla kitandani, na mtu aliyekuja kuwaua alimbeba bibi yule mwenyewe akamweka kivulini, asivute dawa. Nyuma yake yuko mwenye chupa." Akamtaja. "Nyuma kabisa, anayejificha kwa kanga ya jirani, ndiye aliyemwambia mwenye nyumba anakula na mwizi." Akamtaja huyo naye, na watu wakageuka wote, na kanga ikashuka.

Alikwenda hivyo mtu kwa mtu. Majina mimi nayaacha, lakini yeye hakuacha hata moja alilolijua, na kazi yake ilikuwa imempa karibu yote. Kuna jambo nililiona kutoka pale barazani. Kila aliyetajwa alirudi nyuma hatua kidogo, si kwa woga, bali kama mtu aliyeamshwa akajikuta hayupo kitandani kwake. Mmoja akajifuta mikono kwenye suruali. Fundi vioo akashusha mguu.

"Mwisho wake je?" akauliza mwenye tairi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwisho wake walimuua," mfasiri akasema. "Kesho yake asubuhi nyumba ya nne ikaibiwa. Kumbe mwizi mwenyewe alikuwa nao pale mlangoni, ameshika tochi, anapiga kelele kuliko wote."

Watu waliokuja bega kwa bega wakaanza kutazamana mabegani. Hapo akatokea bibi mmoja mwembamba akisukuma watu kwa fimbo yake ya kutembelea, mama yake yule fundi mwenye tairi, naye habari ilikuwa imemfikia. Hakumwuliza mwanawe lolote. Alisema tu, "Wewe, rudisha tairi la watu ulikolitoa." Na yule fundi, mwanamume mwenye ndevu, akaligeuza tairi, akaenda nalo.

Mpangaji wangu alikuwa amesikia yote. Nilitaka abaki ndani, lakini alifungua mlango mwenyewe, bomba mkononi, akasimama mbele ya waliobaki. "Mnasema napuliza watu walale," akasema kwa upole wake. "Nuseni." Akabana mpini mara moja, hewani. Wale wanaojua dawa ya kunguni ya siku zile watanielewa. Mtaa mzima ulikohoa, macho yakatoka maji, na yule mwenye chupa akakimbilia mfereji. "Hii, wanangu," mpangaji akasema, "hata mende hawalali nayo." Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, na kicheko hicho kilikuwa cha aibu, lakini nilikipokea. Mwenyekiti aliporudi magharibi alimkuta fundi vioo barazani kwangu, ameshika kikombe cha chai, hajui aanzie wapi. Mpangaji ndiye aliyemwongezea sukari.

Wezi walikamatwa mwezi uliofuata, mtaa mwingine kabisa, wakiwa na sufuria ya muuza vyombo na mfuniko wake. Polisi walipowauliza juu ya dawa, walishangaa. Waliingia madirishani kwa kuwa joto la Oktoba lilitufanya tuache madirisha wazi, na sisi tulilala fofofo kwa kuwa tunafanya kazi tangu alfajiri. Wahenga walisema mdhaniwa ndiye kumbe siye. Tulitafuta dawa, na dawa ilikuwa uchovu wetu wenyewe.

Mwaka uliofuata mjukuu wangu aliipata ile picha, akaniwekea nyumbani. Nikaitazama mpaka mwisho kwa Kiingereza changu, kamusi mapajani. Hakuna mwizi mwenye tochi. Wanakijiji wanasimama mlangoni, kisha kipande kinakatwa. Asubuhi nyumba ya yule bwana ni tupu, bomba limelala bustanini, na mwenye duka wa kijiji anasimama barabarani, anaitazama mvua. Aliyewadhuru watu hajulikani. Majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Jumamosi ile nikaenda Gerezani.

"Mwanangu, mwisho ule uliotusimulia haumo kwenye picha."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Haumo."

"Mwishoni pana nini, Mama?"

"Mtu anatazama mvua."

Akaniangalia, hakutabasamu. "Sasa pale barazani kwako, na lile tairi," akasema, "ningewatafsiria mvua?"

Safari hiyo nilimkubalia, na sikumpa mgongo. Akaniambia pia jambo ambalo wengi hawakuligundua ila mimi nililigundua: tangu siku ile, majambazi wote wa picha zake walibaki na majina yao ya ng'ambo. Mashujaa, walevi na wake wenye midomo aliendelea kuwagawa mtaani, lakini mtuhumiwa hakumpa tena jina la jirani. Nilipomwuliza sababu, alisema jina la mtu ukiliachia gizani hujui litarudi na nani.

Siku hizi hatuna kibanda kile. Tuna kundi la mtaa kwenye simu. Juzi tu, Alhamisi, niliona humo picha ya kijana amesimama chini ya nguzo ya umeme, na chini yake mtu ameandika, "Mnamjua huyu?" Wa pili akaandika, "Nimemwona mara mbili." Kabla sijamaliza kunywa chai alikuwa ameshakuwa mwizi. Alikuwa akimngoja dada yake. Naandika haya bila huzuni, maana mmoja wa wale wanaume wa tairi na chupa, sasa mzee wa mtaa, ndiye aliyeandika, "Acheni. Kila mmoja aliyesema neno hapa aandike jina lake kamili, halafu tuendelee." Hakuna aliyeendelea. Sikujua kama alikumbuka alikojifunzia hilo. Nadhani alikumbuka.

Mpangaji wangu wa zamani alikuja mazikoni. Mkewe alimfuata mjini miaka iliyopita, wamejenga Mbagala, na wanawe wawili wana mabomba yao wenyewe yenye injini. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, kwa hiyo nilimngoja arudi nipate habari. Alirudi magharibi, viatu vina udongo, akaketi barazani kwangu, palepale alipokuwa ameketi mfasiri.

"Wamemzika vizuri, Mama," akasema. "Shekhe alipomsomea maiti talkini pale kaburini alimwita kwa jina lake na jina la mama yake. Mara tatu. Nikamwangalia fundi vioo, alikuwa ng'ambo ya kaburi, naye ananiangalia mimi. Tulisikia kitu kilekile."

Ndivyo tutakavyoitwa sote siku moja, mtu na mama yake, na kila aliyezikwa na watu wema ameitwa hivyo. Marehemu wetu hakuungoja udongo. Aliwaita watu mapema, wakiwa bado wana nafasi ya kuitika. Kwa hiyo ninachowaachia wasomaji wangu wa leo ni kidogo, na hakihitaji elimu ya ukubwani kukielewa: siku utakapojikuta katikati ya watu wengi, mkono wako umeokota kitu na hukumbuki uliinama saa ngapi, jiite. Jiite kwa sauti, jina lako na jina la mama yako. Kisha urudishe tairi la watu ulikolitoa.